Kuzmin wa Pili

Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya sikukuu ya kikosi, na kurasa kumi na moja. Mtu mwenye mkono kama wangu angezimaliza kwa siku tatu, akabaki na siku tano za kunywa chai na kusikiliza watu wakimsifu. Badala yake nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, kalamu mkononi, na wino ulikuwa ukidondokea mbao za sakafu ambazo mke wangu alikuwa amezisugua kwa mchanga asubuhi ile ile.

"Savely, unadondosha," alisema Fedosya.

"Naona."

"Unaona, halafu umesimama tu! Tangu alfajiri unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga basi, sote tupumzike."

Niliweka kalamu chini, nikaichukua tena, nikaenda dirishani. Ng'ambo ya uzio askari wa kombania ya kwanza walikuwa wakipaka chokaa mawe ya uwanja wa gwaride. Kila kitu kambini kilikuwa kinapakwa, kinasuguliwa au kinashonwa upya, kwa sababu mwaka ule, 1912, Kikosi cha Askari wa Miguu cha Verkhosolsk kilikuwa kinatimiza miaka mia mbili. Siku ya Petro na Paulo mkuu wa heshima wa kikosi angekuja kutoka mji mkuu, na angekabidhiwa historia yetu, tangu waajiriwa wa kwanza waliotembea hadi vitani bila viatu hadi leo. Kapteni Lyadov alikuwa ameitunga kwa miaka mitano. Kunakili kitabu cha kukabidhi kwa mkono, kwa wino mweusi na herufi kubwa nyekundu, nilipewa mimi.

Nilipewa kwa sababu katika mji mzima hapakuwa na mwandiko wa kuushinda wangu. Hilo nalisema bila haya. Niliingia jeshini nikitia alama ya msalaba mahali pa sahihi, kama baba yangu na babu yangu. Kila jioni, wenzangu walipokuwa wakicheza karata, mimi nilikaa katika shule ya jioni ya kikosi, nikachora herufi hadi vidole vikakakamaa. Nikiwa na miaka ishirini na mitano nilikuwa karani wa kombania. Nilistaafu nikiwa karani mkuu. Hakuna mtu aliyenibeba.

Na Kapteni alikuwa ameniahidi jambo. Ukurasa wa mwisho, chini ya sahihi yake, patakuwa na mstari mmoja: *Kimenakiliwa kwa mkono wa karani mkuu mstaafu Savely Potapov Dudin.* Miaka mia mbili, makumi ya maelfu ya askari waliopita hapa, na ni wangapi ambao majina yao yamo kitabuni? Majenerali, maofisa, na askari wa kawaida saba. Mimi ningekuwa wa nane.

Ndiyo maana nilichokiona asubuhi ile kilinitoa kitini.

Katika jeshi letu, watu wenye jina moja la ukoo katika kombania moja hupewa namba. Mwaka wa vita na Waturuki kombania ya kwanza ilikuwa na Wakuzmin watatu: Kuzmin wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Wa Kwanza akifa au akiachishwa kazi, wa Pili hupanda akawa wa Kwanza, na wa Tatu akawa wa Pili. Inatangazwa kwa amri, na tangu siku hiyo kila mtu anamwita mwenzake kwa namba mpya. Majina ya ubatizo hayatumiki kambini. Yanabaki kwenye orodha ya karani.

Tarehe ishirini na nane Desemba 1877, kwenye mlima wa Karakaya, kwenye theluji ya kufika kiunoni, wabeba bendera wetu watatu walianguka mmoja baada ya mwingine. Askari mmoja akakata kitambaa kutoka kwenye mti wake, akajifunga mwilini chini ya koti, akatambaa kuteremka mlima. Walimkuta alfajiri karibu na mahandaki yetu, ameganda, mikono ameikunja kifuani. Bendera ilikuwa nzima. Kikosi kinachopoteza bendera yake hufutwa. Watu wake hugawiwa kwa wengine kama kondoo wa marehemu, na jina lake halitajwi tena. Kwa hiyo kila kitu tunachokiita chetu, kanisa letu, sikukuu yetu, supu yetu ya kabichi, vyote viliteremka mlima ule kwenye kifua cha mtu mmoja.

Tangu hapo, kila jioni baada ya sala, sajinimeja wa kombania ya kwanza anafungua orodha, na kabla ya kumwita mtu yeyote aliye hai, anapaza sauti: "Askari Kuzmin wa Pili!" Na askari wa kwanza upande wa kulia anajibu: "Alikufa mlimani Karakaya, amevaa bendera ya kikosi!" Waajiriwa wapya hugeuza vichwa kumtafuta, na hupigwa kiwiko na wa jirani. Mimi, dirisha likiwa wazi, naisikia nyumbani. Miaka thelathini na minne sijapata kuisikia nikiwa nimekaa.

Sasa, asubuhi ile nilikuwa nimefungua sanduku la makaratasi ya zamani niliyoazima kambini, kuhakikisha tarehe moja tu. Nikafungua kitabu cha amri cha kombania. Tarehe ishirini na saba Desemba, siku moja kabla ya mlima, karani aliyenitangulia alikuwa ameandika: *Kwa kuwa Kuzmin wa Kwanza, Nikita, ameuawa jana, Kuzmin wa Pili, Sysoy, aitwe wa Kwanza, na Kuzmin wa Tatu, Arefy, aitwe wa Pili.* Karani yule aliuawa kesho yake kabla hajapata nafasi ya kusahihisha orodha ya majina. Mimi nikaletwa kutoka batalioni ya tatu kushika nafasi yake. Sikumjua mtu hata mmoja kwa sura. Sajinimeja aliniambia, "Andika, aliyeokoa bendera: Kuzmin wa Pili." Nikaandika. Wiki mbili baadaye sajinimeja naye akafa kwa homa ya chawa, na makao makuu yakauliza: Kuzmin wa Pili ni yupi, jina lake la ubatizo? Nikafungua orodha. Ile ya zamani. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: *Sysoy, mlelewa wa nyumba ya yatima, hana ndugu.*

Na kwa kuwa Kuzmin mmoja zaidi hakuonekana, si kati ya waliozikwa wala kati ya waliobaki, nikaandika mstari wa pili: *Kuzmin wa Tatu, Arefy Ignatyev, hayupo tangu 28 Desemba. Anadhaniwa ametoroka.*

Karatasi zote mbili zilikuwa mbele yangu mezani. Ile K yenye mkia mrefu ilikuwa yangu. Hakuna mwingine aliyeikunja hivyo. Kama ningegeuza ukurasa mmoja wa kitabu cha amri, mmoja tu, nisingeandika vile. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitano, karani kwa siku ya kumi na sita, na nilikuwa nikitazama mikia ya herufi.

Nikaelewa pia kwa nini hakuna aliyenisahihisha. Waliobaki hai walisikia kila jioni "Kuzmin wa Pili" na wakatikisa vichwa, maana ndiye hasa waliyemjua. Midomo ya askari ilikuwa na mtu wa haki. Makaratasi yalikuwa na mwingine, na makaratasi niliyaandika mimi.

Nikayarudisha makaratasi kwenye sanduku. Nikayatoa. Nikayaweka chini ya kitabu cha nakala, ambapo Fedosya asingeyagusa.

*

Jumamosi mchana mlango uligongwa, akaingia Ustinya Arefyevna. Huyu ni mjane wa miaka arobaini hivi, anayeoka mikate midogo ya altare kwa kanisa la kikosi, ile yenye muhuri wa msalaba juu. Miaka sita nimekula mikate yake. Miaka sita nimemwita kwa jina lake na la baba yake, Ustinya binti Arefy, kama heshima inavyotaka, na sikuwahi kujiuliza ni Arefy gani. Mwezi uliopita tu ndipo Fedosya aliponidokeza, kama umbea, kwamba mama huyu alihama kijijini kwao Luchki kwa sababu watoto wa huko walimwita binti wa mtoro.

"Samahani nakukatiza, Mzee Savely Potapich. Najua una kazi kubwa."

"Kaa, mama."

"Sikai, nimejaa unga, mkeo atanifukuza." Akaweka kifurushi cha mikate mezani, akabaki amesimama, anafuta vidole kwenye aproni ingawa vilikuwa safi. "Nasikia unayo makaratasi yote ya vita vya Waturuki."

Kiwiko changu kilikuwa juu ya makaratasi yenyewe.

"Baadhi," nilisema.

Akatoa mfukoni kile kijitabu ambacho kila mwanamke wa kanisani anacho, cha majina ya kusomewa altareni: nusu ya kwanza wazima, nusu ya pili marehemu. Cha kwake kilikuwa kimechakaa pembeni.

"Baba yangu alikuwa kombania ya kwanza. Kuzmin wa Tatu. Tunayo barua yake moja, aliandikiwa na mtu, inasema: andikeni 'wa Tatu', barua zisipotee. Halafu ikaja ile karatasi wilayani, kwamba katoroka. Mama alikufa na aibu hiyo. Mimi, Mzee, sikuja kulalamika. Kama alitoroka, alitoroka, alikuwa na miaka ishirini na minane na theluji ilikuwa kiunoni. Nimekuja kwa ajili ya hiki." Akakigonga kijitabu. "Kila Jumapili anasomwa upande wa wazima. Padri anasema mtoro si maiti. Hakuna karatasi ya kifo, hakuna sala ya marehemu. Sawa. Lakini leo angekuwa mzee wa miaka sitini na tatu. Huenda yuko Uturuki na mke mwingine. Huenda walimkamata wakampiga risasi. Ukiona popote, hata kama ni neno baya namna gani, niambie tu nimwandike upande upi. Sitaki kumwombea afya mtu aliye kaburini, na sitaki kumzika aliye hai."

Nilikuwa na jibu chini ya kiwiko. Ningeinua mkono tu.

"Nitatazama," nilisema.

"Mungu akulipe." Mlangoni akageuka. "Na mikate hiyo ule na wewe, usimwachie Fedosya peke yake. Umekonda kama mwanafunzi wa seminari!"

Alipotoka nilibaki na mkono pale pale, kama uliokufa ganzi. Kisha nikavaa kofia, nikatoka, nikaenda hadi mto Sola, nikarudi. Nikafika lango la kambi, mlinzi akanisalimia, nikamwambia nimesahau miwani, nikarudi. Miwani ilikuwa usoni mwangu.

Jumapili kanisani nilimwona akipitisha kijitabu chake kwa msaidizi wa padri pamoja na vingine hamsini. Padri akasoma majina ya wazima, haraka haraka kama kawaida yake: Feodor, Praskovya, Arefy, Lukerya. Nikatoka kabla ya mwisho wa ibada. Watu walidhani naumwa tumbo.

Jioni dirisha lilikuwa wazi, jua la Juni bado liko juu, na uwanjani wakaanza.

"Askari Kuzmin wa Pili!"

"Alikufa mlimani Karakaya, amevaa bendera ya kikosi!"

Fedosya alikuwa akimimina chai. Akaacha, birika hewani.

"Hukusimama," alisema.

"Nini?"

"Miaka yote niliyokaa na wewe, hata ukiwa na homa, hata mdomo ukiwa umejaa viazi, unasimama. Leo umekaa. Savely, umefanya nini?"

Basi nikamwambia. Nilimwonyesha kitabu cha amri na ile karatasi yenye K yangu. Hajui kusoma, lakini alifuata kwa kidole kila nilipoonyesha, akanisimamisha mara mbili nianze upya. Nilipomaliza alisukuma chai pembeni.

"Kwa hiyo yule mama anamwombea afya mtu ambaye kila jioni anatangazwa amekufa, na tangazo lenyewe linaingia kwake dirishani?"

"Ndiyo."

"Na hajui."

"Analifunga dirisha, hapo ng'ambo ya barabara, naliona. Anadhani ni yule mwingine."

"Na wewe siku nne unajua, unanyamaza, kwa ajili ya mstari mmoja."

"Si mstari, Fedosya. Ni kazi yangu. Ni maisha yangu yote niliyo..."

"Ni mstari. Sijui kusoma ila nina macho. Umeuandika nyuma ya bahasha, nyuma ya kalenda, hata kwenye karatasi niliyofungia samaki. Herufi zile zile. Nikajisemea, mzee wangu kapata mchumba."

Nilitaka kumkemea. Badala yake nikaangalia sakafu, palipokuwa na doa la wino ambalo mchanga ulikuwa umeshindwa kulitoa.

*

Jumatatu saa tatu nilikuwa kwa Kapteni Lyadov. Huyu ni mwanamume mwembamba, hajaoa, anaishi na mbwa mzee na makasha ya karatasi, na ni ofisa pekee niliyemjua ambaye humkaribisha askari mstaafu aketi. Nilimwekea karatasi mbili mezani, nikamweleza na habari za Ustinya. Alizisoma, akawasha sigara, akazisoma tena, akasahau kuivuta.

"Savely Potapich," akasema mwishowe, "unanimaliza. Sura hii Kanali ameshaitia sahihi."

"Najua, Mheshimiwa. Niliinakili mimi."

"Keshokutwa fundi wa ngozi anakuja kujalidi. Kwa nini hukuligundua mwaka jana? Kwa nini hukuligundua mwaka wa sabini na nane?"

"Kwa sababu sikugeuza ukurasa, Mheshimiwa."

Akainuka, akatembea, mbwa akamfuata kwa macho. Halafu uso wake ukapata nuru.

"Sikiliza. Jambo ni dogo kuliko tunavyolifanya. Sajinimeja anaita 'Kuzmin wa Pili', na ni sawa. Kitabu kinasema Sysoy. Chukua kisu chako, kwangua Sysoy, andika Arefy. Mahali pawili tu. Wewe unaweza kukwangua hata jicho la mbu. Nani atajua? Mama yule anapata baba yake, wewe unapata mstari wako, mimi nalala usingizi."

Sitasema kwamba sikutamani. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikishika. Nilikuwa nimeshaona moyoni jinsi karatasi itakavyokwanguliwa, jinsi nitakavyoipaka unga wa chaki wino usisambae.

"Mheshimiwa," nikasema, "ile karatasi ya kutoroka ilikwenda wilayani, na kutoka wilayani ikaenda Luchki. Iko huko kwenye kasha la mzee wa kijiji, na ina muhuri. Tukiandika Arefy kimya kimya, patakuwa na karatasi mbili za kikosi kimoja: moja inasema mtoro, moja inasema shujaa. Watamwambia mama yule amewakandia maofisa mikate mpaka wakaandika anachotaka. Padri naye atasema, lete karatasi ya kifo. Karatasi ya zamani haifi kwa kuandika mpya. Inakufa ukisema ilikosewa vipi, tarehe gani, na nani aliyekosea."

"Tuseme basi: kwa kosa la karani."

"Makarani tulikuwa kumi na sita kikosini, Mheshimiwa. Wengine wamekufa, hawawezi kujitetea. Karani aliyenitangulia aliandika amri yake vizuri kabisa. Watu watamdhania yeye."

Kapteni akaongea taratibu, na niliona lilikuwa linamuuma.

"Unajua maana yake. Mkuu wa heshima akisoma ukurasa wa mia tatu na kumi kwamba Dudin alimfanya shujaa wa kikosi kuwa mtoro, halafu akafika mwisho akasoma kwamba Dudin huyo huyo ndiye tuliyempa kitabu anakili... Kanali hataniruhusu. Jina lako litakaa mahali pamoja tu."

"Nimeshafikiri hivyo njiani."

"Na hutaki lile la mwisho."

"Nalitaka sana, Mheshimiwa," nilisema. "Lakini nitaandika lile la mia tatu na kumi."

Akaizima sigara ambayo hakuwa ameivuta. "Nenda. Nitakwenda kwa Kanali sasa hivi, kabla hajala. Akishakula huwa hakubali kitu."

Kanali alikubali kabla ya chakula. Alitukana kwanza, Kapteni aliniambia, lakini alipoisoma ile amri ya tarehe ishirini na saba alisimama mwenyewe dirishani, halafu akatia sahihi juu ya barua mbili, moja ya wilaya na moja ya kanisa.

Niliandika upya kurasa nne siku mbili mfululizo. Katika ukurasa wa mia tatu na kumi, chini ya habari za mlima, niliandika hivi, kwa wino mweusi, bila herufi nyekundu: *Bendera iliokolewa na askari Arefy Ignatyev Kuzmin, aliyeitwa wa Pili kwa amri ya 27 Desemba. Karani wa kombania, Savely Dudin, hakukisoma kitabu cha amri. Kwa kosa lake Arefy Kuzmin aliandikwa mtoro kwa miaka thelathini na minne. Habari za Sysoy Kuzmin, aliyekuwa hapo kabla wa Pili, hazijulikani.*

Kuhusu Sysoy, Kapteni alikuwa ameandika rasimu: *huenda alitoroka*. Nilikataa kuinakili. Nilimwambia neno kama hilo, "anadhaniwa", nimeshawahi kuliandika mara moja, na ninajua linakokwenda.

K ya Kuzmin niliikata mkia.

*

Alhamisi jioni, mkesha wa sikukuu, kombania zote zilipangwa uwanjani kwa mazoezi ya mwisho. Nilikuwa nimepeleka barua ya Kanali kwa padri mchana. Kwa Ustinya nilikwenda mwenyewe. Nilimsomea ukurasa wote, na nilipofika kwenye jina langu sikushusha sauti. Hakulia, wala hakunishukuru, wala hakunilaani. Aliniambia, "Soma tena pale pa kukunja mikono." Nikasoma tena. Kisha akasema mikate iko kwenye tanuru, itaungua, na nikatoka.

Kwa hiyo sikujua kama angekuja. Nilikaa benchi la nje, nikainuka, nikaenda uzioni, nikarudi. Fedosya aliketi pale akimenya mbegu za alizeti, akitema maganda.

"Keti, utachimba handaki hapo."

"Naketi."

Nilikuwa bado nimesimama nilipomwona akivuka barabara, na aproni yake, na unga hadi kwenye nyusi. Alikuja moja kwa moja uzioni, akashika mbao kwa mikono miwili. Ng'ambo sala ilikwisha, kofia zikarudi vichwani. Sajinimeja akafungua orodha.

"Askari Kuzmin wa Pili!"

Askari wa kulia kabisa, jitu lenye uso mwekundu lililokuwa limemaliza kula muda mfupi uliopita, likavuta pumzi, likajibu kwa sauti iliyofika mtoni: "Alikufa mlimani Karakaya, amevaa bendera ya kikosi!"

Halafu majina ya walio hai yakaanza. Ustinya hakuachia mbao hadi jina la mwisho. Ndipo akatoa kijitabu na kipande cha penseli, akakilaza juu ya nguzo ya uzio. Upande wa wazima akakata jina moja kwa mstari mmoja ulionyooka. Akageuza kurasa hadi upande wa marehemu, akaandika. Aliandika polepole, herufi kubwa za mtu asiyekwenda shule, na nilijizuia kumwelekeza mkono.

Kisha hakukifunga.

"Mzee Savely Potapich. Yule Sysoy hakuwa na mtu?"

"Hana. Alikuwa wa nyumba ya yatima."

"Nimemchukia miaka yote hii. Kila jioni nafunga dirisha kwa ajili yake." Akaramba ncha ya penseli. "Nimwandike upande upi?"

Nilitaka sana kuwa na jibu, maana kwa maisha yangu yote watu wameniuliza mambo ya makaratasi na nimewajibu.

"Sijui," nilisema.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyetegemea hivyo, akarudi upande wa wazima, na chini ya mahali alipokuwa baba yake akaandika *Sysoy*. Akaniaga, akamwambia Fedosya kesho mikate itakuwa ya ziada, akavuka barabara kurudi kwenye tanuru lake.

"Haya sasa," Fedosya akasema. "Njoo unywe chai."

Nilikwenda ndani. Chai aliimimina. Lakini sanduku la makaratasi lilikuwa bado pale pembeni, halijarudishwa kambini, na kitabu cha amri kilikuwa juu yake. Nilikuwa nimekisoma kuanzia Desemba tu. Nikakichukua, nikakipeleka dirishani penye mwanga, nikakifungua ukurasa wa kwanza kabisa, Aprili, siku tuliyotoka nyumbani, nikaanza kusoma jina baada ya jina.

"Savely," akasema Fedosya. "Umesimama tena."